Mkono kwa Mkono: Tunahesabu Majengo, Tunasahau Makabidhiano

Kila mwaka, kuanzia Novemba 25 hadi Desemba 10, Tanzania huungana na mataifa mengine katika siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, na huo ndio msimu ambao habari za vituo vya mkono kwa mkono, ambako manusura wa ukatili hupata daktari, polisi, ustawi wa jamii na msaada wa kisheria mahali pamoja, husikika zaidi. Tunaonyeshwa jengo jipya ndani ya uzio wa hospitali, utepe ukikatwa, viongozi wakipitishwa chumba hadi chumba, kisha tunatangaziwa kwamba mkoa fulani umeongeza kituo kingine. Tangu Mpango Kazi wa pili wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto, MTAKUWWA, uanze kutekelezwa mwaka 2024, mjadala wa vituo hivi umeendelea kuzunguka swali moja tu, nalo ni idadi. Nafurahia kila kituo kinachofunguliwa. Lakini naona tunakielewa kitu hiki kinyume. Watu waliokipa jina walichagua neno la makabidhiano: kitu kinachotoka mkononi mwa mmoja na kupokewa na mwingine kabla hakijaanguka. Thamani ya kituo imo katika kupokezana huko, na pale ambapo hakuna mtu mwenye dhamana ya kuhakikisha kwamba manusura hadondoki kati ya daktari, polisi, afisa ustawi wa jamii na msaidizi wa kisheria, tunachokuwa nacho ni ofisi nne zilizojengwa chini ya bati moja.

Ili kuelewa kwa nini vituo hivi vilihitajika, ni lazima kukumbuka njia aliyokuwa akipitia mwanamke aliyebakwa au mzazi wa mtoto aliyeharibiwa kabla havijakuwepo, njia ambayo katika wilaya nyingi bado ndiyo iliyopo. Anaanzia serikali ya mtaa au kijiji, ambako mwenyekiti anamsikiliza mbele ya watu. Anaelekezwa polisi, ambako anapaswa kupata Fomu ya Polisi namba 3, ile tunayoiita PF3, ambayo daktari ndiye anayeijaza. Anakwenda hospitali na kupanga foleni pamoja na wagonjwa wa malaria na waliovunjika miguu, na dirishani anaulizwa kwa sauti ya kawaida tatizo lake ni nini. Akimaliza kwa daktari anarudi polisi na fomu. Kama kuna mtoto anayehitaji kuondolewa nyumbani, anatafutwa afisa ustawi wa jamii kwenye ofisi za halmashauri, ambazo mara nyingi ziko upande mwingine wa mji. Msaada wa kisheria uko kwa shirika lenye ofisi ghorofani mahali fulani, linalofunguliwa siku za kazi. Kila kituo cha safari hiyo kina nauli yake, foleni yake, na mtu mpya wa kusimuliwa upya.

Niliwahi kumsindikiza jirani yangu na binti yake katika safari ya namna hiyo, kwenye mji ambao sitautaja. Tulianza asubuhi na tulipofika jioni mtoto alikuwa amekwisha kusimulia mara tano, kwa watu watano, na wa tano alipomuuliza alimtazama mama yake na kukaa kimya. Hakuna hata mmoja kati ya wale watano aliyekuwa mtu mbaya. Kila mmoja alifanya sehemu yake na kutuonyesha njia ya kwenda kwa mwingine.

Umbali huo kati ya ofisi na ofisi una gharama inayopimika kwa saa. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI kwa mtu aliyebakwa zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanza mapema ndivyo zinavyokinga vizuri zaidi. Baada ya hapo zinatumiwa kwa siku 28 mfululizo. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba navyo vina dirisha lake dogo la siku chache. Sampuli za maabara zinazoweza kumhusisha mtuhumiwa hupotea kwa kuoga, kwa kufua nguo, kwa kusubiri tu. Mwanamke anayeambiwa Ijumaa jioni kwamba anayehusika atakuwepo Jumatatu hajaambiwa asubiri. Ameambiwa, bila mtu yeyote kukusudia, kwamba muda wa kinga yake huenda ukapita. Viongozi wa afya na wa polisi wamesema zaidi ya mara moja kwamba mgonjwa wa dharura atibiwe kwanza na PF3 ifuate, lakini kauli ya jukwaani haimfikii karani wa mapokezi aliyefundishwa kwamba bila fomu hakuna huduma. Daktari na polisi wakikaa hatua kumi kutoka kila mmoja alipo, ubishi huo unakufa wenyewe.

Kuna sababu nyingine ambayo haizungumzwi vya kutosha, nayo ni ya mahakamani. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilipogusa pia Sheria ya Ushahidi, mahakama inaweza kumtia mtuhumiwa hatiani kwa ushahidi wa mwathirika pekee, iwapo itaridhika kwamba anasema kweli, na Mahakama ya Rufani imesisitiza kwa miaka mingi kwamba katika kosa la kubaka ushahidi wa kweli ni ule unaotoka kwa mwathirika mwenyewe. Msimamo huo ulileta nafuu kubwa, kwa sababu makosa haya hufanyika gizani na mashahidi wa macho ni nadra. Lakini umeweka uzito wote wa kesi kwenye kinywa cha mtu mmoja. Sasa mchukue mtu huyo, mara nyingi mtoto, mfanye asimulie mara tano katika siku moja, kwa watu wenye maswali tofauti na wanaoandika kwa mtindo tofauti. Maelezo ya kwanza yatasema saa moja usiku, ya tatu yatasema baada ya chakula, ya tano yatakuwa na nusu ya maneno. Wakili wa utetezi, akifanya kazi yake halali, atazichukua karatasi hizo na kuonyesha kwamba shahidi anajichanganya, na kwa kosa ambalo adhabu yake haipungui miaka 30 jela hakimu atalazimika kuwa mwangalifu. Kusimulia mara moja, mahali tulivu, mbele ya watu waliokaa pamoja kusikiliza, kunalinda utu wa manusura. Kunailinda pia kesi yenyewe, na hapo ndipo wale wanaodhani vituo hivi ni vya kubembelezana wanapokosea.

Wazo hili halikuanzia kwetu. Malaysia iliweka huduma za namna hii ndani ya hospitali zake za umma katika miaka ya 1990. Afrika Kusini ilifungua vituo vya Thuthuzela kuanzia mwaka 2000, cha kwanza kikiwa Manenberg, Cape Town, na jina hilo la Kixhosa lina maana ya kufariji. Nairobi ilipata kituo chake ndani ya hospitali binafsi ya wanawake mwaka 2001. Rwanda ilianza mwaka 2009 katika hospitali ya polisi ya Kacyiru, na kituo kikaitwa Isange, neno linalomwambia mgeni ajisikie nyumbani. Baadaye mfano huo ukaenezwa katika hospitali zaidi ya 40 nchini humo. Kwetu Zanzibar ilitangulia, katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, na Tanzania Bara ikafuata, Hospitali ya Amana ya Ilala, Dar es Salaam, ikiwa miongoni mwa vituo vya mwanzo. Ninayataja majina haya kwa sababu waliochagua Thuthuzela na Isange walianza na hali atakayokuwa nayo mtu anapoingia mlangoni. Sisi tulichagua jina la kazi inayofanywa nyuma ya mlango, na nadhani tulichagua vizuri, mradi tulitekeleze.

Makaribisho hayo, kwa hakika, ni mambo madogo mno yanayogharimu fedha kidogo. Ni kiti chenye mgongo badala ya benchi la korido. Ni kanga safi na nguo za kubadilisha, kwa sababu nguo alizokuja nazo zimechukuliwa kama kielelezo, na mtu hawezi kurudi nyumbani amejifunga shuka la hospitali. Ni maji ya kuoga baada ya sampuli kuchukuliwa, uji kwa mtoto, askari wa Dawati la Jinsia na Watoto aliyevaa nguo za kiraia, na mlango unaofungika. Nimeingia katika vituo vilivyo na mambo haya na vingine visivyo nayo, na tofauti yake huonekana kwa manusura ndani ya dakika chache: mmoja anakaa na kushusha mabega, mwingine anasimama karibu na mlango akishika mkoba wake.

Zipo hoja nzito dhidi ya mfumo huu, na zinastahili kujibiwa kwa heshima. Ya kwanza ni ya aibu na macho ya watu. Mwanamke anayeonekana akiingia chumba chenye kibao kikubwa cha ukatili wa kijinsia amekwisha kutangazwa mtaa mzima, hasa katika miji midogo ambako mpishi wa hospitali ni shangazi wa mtu. Hoja hii ni ya kweli, na majibu yake yako katika mahali pa mlango kuliko katika kufuta kituo. Pale kinapopakana na kliniki ya mama na mtoto, au kinapofikiwa kwa kupitia wagonjwa wa nje, aingiaye hatofautishwi na mwingine yeyote. Kibao kikubwa ninakielewa, maana mfadhili anataka nembo yake ionekane, lakini nembo hiyo inalipwa na manusura anayegeukia getini.

Ya pili ni hofu ya polisi. Wapo wanawake wazima wanaotaka kutibiwa na kusikilizwa lakini hawako tayari kufungua kesi, labda kwa sababu mtuhumiwa ndiye anayelipa kodi ya nyumba. Wakijua kwamba kuingia mlango ule ni kujikabidhi kwa polisi, hawataingia, na watapoteza hata dawa. Nadhani wanaotoa hoja hii wana haki kwa watu wazima: kituo kitibu kwanza, kieleze njia zilizopo, kihifadhi sampuli, kisha kimwachie mhusika uamuzi na kimpe muda. Kwa watoto jambo ni tofauti, kwa kuwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inakiukwa azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa, na hapo hakuna nafasi ya kumsubiri mzazi aamue kama atamshtaki mjomba.

Ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, nami sijioni kama nina jibu lake kamili. Kituo kiko hospitali ya rufaa ya mkoa au ya wilaya, na manusura yuko kijijini. Kama safari ni ya kilomita 80 kwa bodaboda na basi, basi kukusanya huduma mahali pamoja kumemrahisishia aliyekwisha kufika mjini na kumwacha mwenzake palepale. Wanaoliona hili wanasema fedha za jengo zingefundisha wauguzi wa zahanati zote za wilaya. Malaysia yenyewe ni funzo: mfumo ulioanza vizuri katika hospitali kubwa ulipopelekwa katika hospitali ndogo, watafiti walikuta majengo na taratibu zipo lakini wanasihi na wataalamu hawapo. Hoja hii, hata hivyo, inaangukia jengo, na haigusi makabidhiano. Zahanati ya kijiji haiwezi kuwa na daktari wa uchunguzi, askari wa dawati na mwanasheria. Inaweza kuwa na dozi za kwanza za dawa kinga kabatini, muuguzi anayejua kwamba asimwogeshe manusura kabla ya sampuli, namba ya simu ya mtu mmoja kituoni anayepokea hata saa nane usiku, na nauli. Muuguzi huyo akipiga simu na kusema mgonjwa anakuja na gari fulani, na upande wa pili akawepo mtu wa kumpokea stendi, mkono kwa mkono umefanyika kilomita 80 kabla ya kufika kwenye jengo.

Hoja dhaifu kabisa ndiyo inayosikika zaidi, kwenye vijiwe na mara nyingine misikitini na makanisani: kwamba vituo hivi vinavunja nyumba, kwamba mambo ya familia yana wazee wake, na kwamba tangu viletwe kesi zimeongezeka. Tuanze na hilo la mwisho. Ukifungua duka la dawa mahali ambapo halikuwepo, mauzo ya dawa yatapanda, na hakuna atakayesema duka limeleta homa. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009, wakati vituo hivi havijaanza, ulionyesha kwamba karibu wasichana watatu kati ya kila 10 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na kwa wavulana ilikuwa kama mmoja kati ya saba. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 27 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamepigwa au kuumizwa mwili tangu wakiwa na miaka 15. Haya yalikuwa majumbani tayari, chini ya usimamizi wa wazee haohao. Na usuluhishi wa wazee, ambao nauheshimu katika ugomvi wa mipaka ya shamba na hata wa mume na mke waliotupiana maneno, katika kosa la kubaka mtoto umekuwa na sura moja: ng'ombe au fedha zinahama kutoka ukoo mmoja kwenda mwingine, shahidi anapelekwa kwa ndugu mkoa wa mbali, na kesi inafutwa kwa kukosa mashahidi. Wanaoishi Zanzibar, wanakoyaita mambo haya udhalilishaji, wanaijua hadithi hiyo vizuri, na ndiyo sababu mojawapo ya visiwa hivyo kuanzisha mahakama maalumu mwaka 2021. Nyumba iliyobaki imesimama kwa sababu mtoto amenyamazishwa imevunjika kwa yule mtoto.

Nikirudi kwenye ugonjwa wenyewe wa vituo vyetu, naona chanzo chake katika mfumo wa utumishi. Daktari na muuguzi wa hospitali ya wilaya wako chini ya halmashauri na TAMISEMI. Askari wa dawati yuko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na anaweza kuhamishwa kesho bila kituo kuulizwa. Afisa ustawi wa jamii ana majukumu mengine kumi ya halmashauri, kuanzia migogoro ya ndoa hadi wazee wasio na msamaha wa matibabu. Mwendesha mashtaka yuko Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, na msaidizi wa kisheria, aliyetambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, mara nyingi anajitolea chini ya asasi. Wizara yenye dhamana ya maendeleo ya jamii na jinsia ndiyo inayoratibu mpango mzima, lakini haimwajiri wala kumpangia zamu hata mmoja kati ya hawa. Kwa hiyo chumba cha polisi kinapokutwa kimefungwa, mganga mfawidhi hawezi kumwita mtu kazini, na kila mmoja anaweza kusema kwa haki kwamba upande wake ulikuwepo. Afrika Kusini iliepuka sehemu ya tatizo hili kwa kuviweka vituo vya Thuthuzela chini ya mamlaka ya mashtaka, kila kituo kikiwa na mratibu wake anayewajibika kwa bosi mmoja. Rwanda ilitumia polisi na hospitali zake kama mhimili. Sisemi tuwaige katika kuchagua nani awe mkubwa. Kwa hapa kwetu ningependelea hospitali ibaki mwenyeji, kwa sababu manusura huanza na maumivu kabla ya mashtaka. Ninachosema ni kwamba wao waliamua nani anaulizwa.

Uamuzi huo ukifanyika, mengi yanafuata. Kila kituo kinakuwa na mratibu mwenye ajira, mwenye uwezo wa kupanga zamu za usiku na za Jumapili kwa wahusika wote, na mwenye fungu dogo la nauli, chakula na nguo ambalo halisubiri mradi wa mfadhili. Wafadhili wametusaidia sana kuanzisha vituo hivi, na sina neno baya juu yao, lakini mradi wa miaka mitatu hauwezi kubeba kesi inayokwenda mahakamani kwa miaka miwili na mtoto atakayehitaji unasihi kwa miaka mitano. Kamati za ulinzi wa wanawake na watoto zilizoundwa kuanzia kijiji hadi mkoa zinapata mtu wa kumpigia simu. Mkoani Mara, ambako wasichana wanaokimbia ukeketaji hupokewa katika nyumba salama, kituo na nyumba salama vinaanza kubadilishana watu kwa utaratibu unaoandikwa, kuliko kutegemea kwamba muuguzi anafahamiana na mlezi.

Na kipimo nacho kinabadilika. Mabaraza ya madiwani yanapopokea taarifa ya robo mwaka, nashauri diwani asiulize vituo ni vingapi wala manusura wangapi walipokewa. Aombe rejesta na atafute mambo manne: saa zilizopita kati ya tukio na dozi ya kwanza, idadi ya walioendelea na dawa hadi siku ya 28, mara ngapi kila mmoja alisimulia kabla ya maelezo yake kuandikwa, na ni wangapi kati ya waliofungua kesi walipigiwa simu na mtu wa kituo kabla ya tarehe ya kwanza ya mahakama. Safu za kuandikia mambo hayo zinaweza kuchorwa kwa rula katika daftari lolote, hata leo mchana.